Kanzu ya Kukimbilia

Majivu yakimwagiwa maji yana harufu yake, kama mvua iliyolala ndani. Bibi yangu alikuwa akisugua masufuria kwa majivu na mchanga pale ufukweni mwa ziwa, Rumonge, asubuhi, na mafuta ya mawese ya jana yanaelea majini, mekundu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza bata. Alikuwako bata mmoja mwizi, mguu mmoja kilema, bibi akamwita Mzungu, maana alikuja bila kualikwa na akadhani kila kitu ni chake. Siku ya Uhuru watu wanaimba barabarani, bibi akamchinja. Alisema tumeambiwa Wazungu wanaondoka, basi na huyu aondoke. Alikuwa mgumu kutafuna, kama Uhuru wenyewe.

Lakini sikukaa hapa niwasimulie bata. Bibi alikuwa na msemo wake: majivu ni ya sufuria, si ya mtu. Juzi mjukuu wangu karudi kutoka shuleni kapakwa majivu uso mzima. Kumuuliza, akaniambia kwa furaha kwamba wanafundishwa habari za wakimbizi kwa hadithi na michezo. Nikatoka nje nikatema mate. Miaka yote hii, na bado hawajapata dawa nyingine ila majivu?

Sikilizeni basi. Miaka michache baada ya bata yule, vita viliwaka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na watu wakaanza kuvuka kuja kwetu. Sisi watoto wa mtaa wa Waswahili tukakimbilia ufukweni kuwatazama. Tulitegemea matambara. Wakashuka mitumbwini wamevaa kama wanakwenda nikahi: wanawake vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, wanaume makoti katika jua lile, mzee mmoja kofia mbili. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tukawaita maharusi wa majini, na jina likawaganda.

Mmoja wao, Assumani, rika langu, akaletwa darasani kwetu na kanzu nyeupe yenye darizi nyekundu shingoni. Baba yake, fundi cherehani, ndiye aliyemshonea kwa ajili ya Idi. Siku ya kukimbia, baba alibaki nyuma aizike cherehani isiibwe, akasema atapanda mtumbwi unaofuata. Mitumbwi ilifuata, mingi. Yeye hakuwamo. Kanzu ile Assumani alikuwa akiifua mwenyewe; hata mama yake hakumwachia.

Mwalimu wetu alikuwa Gervasi. Huyo alisoma kwa mapadri mpaka wakamchoka, akarudi na miwani, kalamu tatu mfukoni, na kusemea puani. Mimi niliyeishia darasa la tatu labda sina haki ya kumsema msomi, lakini nitamsema. Aliamua kwamba sikukuu ya Uhuru tutawaonyesha wakubwa wa komini, yaani wilaya yetu, mchezo wa wakimbizi, ili watoto tujifunze huruma. Sanaa inalainisha moyo, alituambia, fimbo mkononi. Kila mmoja alete gunia na kopo la majivu. Akatunga wimbo kwamba hatuna kitu, hatuna kwetu, tuhurumieni. Akatufundisha hata kulia: mabega kwanza, kisha kichwa. Aliyelia vibaya alichapwa, na hapo alilia vizuri.

Assumani ndiye alikuwa na sauti. Sauti ile ikipanda, hata Gervasi alisahau kupiga chafya zake za ugoro. Akapewa kuimba peke yake, mbele ya viti vya wakubwa, na alilitaka jambo hilo kwa roho yake yote. Aliniambia sababu tukiwa njiani kurudi nyumbani. Siku ya sikukuu wavuvi watakuwapo, na wavuvi hupeleka habari ng'ambo. Mmoja tu akisema kule kwamba amemwona mtoto anaimba Rumonge, kanzu nyeupe, darizi nyekundu, baba yake ataijua kazi ya mkono wake, atajua wako wapi.

Basi siku ya mazoezi Gervasi akamtupia gunia.

"Mwalimu, mimi nilikuja na hii," Assumani akasema, ameshika kanzu.

"Mukimbizi gani anavaa darizi? Wewe mutoto, unataka wakubwa waseme tumewadanganya?"

"Mama alisema mtu anavaa kile hataki kuacha."

Gervasi akatugeukia. "Mumesikia? Mukimbizi huyu hajui ukimbizi. Itabidi tumufundishe."

Darasa zima likacheka, na miwani ya Gervasi ikang'aa kwa raha.

Maneno ya mama yule mimi nilikuja kuyaelewa mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalipowaka kwetu, ndevu zinaanza kuniota. Ya mwaka ule sitawasimulia yote. Walioyaona hawahitaji, na wasioyaona watataka niwaimbie. Nasema hili tu. Alfajiri moja mama alifungua sanduku, akanivisha kanzu yangu ya Idi, juu yake koti la harusi la marehemu baba, yeye akajifunga vitenge mpaka akashindwa kuinama. Tukashuka ng'ambo ile ile alikotoka Assumani, jasho linanitiririka, na watoto wa kule wakatucheka mpaka wakakaa chini. Anayekimbia ana mikono miwili, na yote imeshika watoto. Uliobaki ni mgongo, basi kizuri chako chote kinapanda mgongoni. Matambara ndiyo tuliyoyaacha nyumbani. Yalitufuata baadaye, kidogo kidogo, kila tulipouza nguo moja tukapata unga. Gervasi na kalamu zake tatu alianzia mwisho wa hadithi.

Turudi kwenye sikukuu. Wakubwa walikaa kwenye viti chini ya turubai, matumbo mbele. Wavuvi walisimama nyuma, wamefika kweli. Sisi tuko katika magunia, tunajikuna. Assumani akatokea na kanzu yake, imefuliwa, nyeupe mpaka inaumiza macho. Gervasi hakumpiga. Alichota majivu kwa mikono miwili, akayatia maji, akampaka usoni, kisha kifuani, juu ya darizi, taratibu, kama anayepaka ukuta udongo. Nyekundu ikapotea yote.

"Sasa imba," akamwambia.

Assumani akaenda mbele. Alijitazama kifua muda mrefu. Hakuimba, hakulia, mabega hayakutikisika. Aliinua pindo la kanzu kidogo, kama mtu anayeshuka mtumbwini asilowe, akapita katikati ya viti akiwaambia wakubwa samahani, samahani, akashika njia ya ziwani.

Gervasi akapiga makofi. "Waheshimiwa, mumeona? Mukimbizi ndivyo anavyokwenda, hata kwake hapajui."

Wakubwa nao wakapiga makofi, mmoja akafuta machozi. Assumani hakugeuka, na shuleni hakurudi tena.