Meza Moja na Vivuli vya Matairi

Nyumba ile ilikuwa na meza moja tu ya maana, na ilinunuliwa ili watu wale juu yake. Mara ya mwisho chakula kuliwa pale ilikuwa lini, hakuna anayekumbuka. Sahani zilihamia magotini, watu wakahamia kwenye makochi, na mezani akabaki mpangaji mmoja asiyehamishika: kompyuta ya Pengwini, na nyaya zake zilizosokotana kama utumbo, pedi mbili za gemu, feni ndogo ya kuipulizia mashine isihisi joto, na kikombe cha chai kilichokaa pale hadi kikaonekana ni sehemu ya mtambo.

Pengwini si jina lake. Alipachikwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa sababu mbili. Kwanza, picha ya ndege huyo, nembo ya mfumo wa kompyuta uitwao Linux, ameibandika kwenye kompyuta, kwenye simu, kwenye kisanduku cha miwani na, ingawa mkewe alimsihi asithubutu, kwenye mlango wa friji. Pili, shemeji alisema, mtazameni anavyotembea. Watu wakamtazama anavyotembea. Jina likaganda.

Mchana Pengwini husaga lenzi katika duka la miwani. Ni kazi ya mkono mtulivu: lenzi iingie kwenye fremu bila kulegea na bila kulazimishwa, na mkono wake haujawahi kulalamikiwa. Kinacholalamikiwa ni mdomo. Mteja anavalishwa miwani mipya, anaulizwa kama anaona vizuri, na kabla hajajibu anaulizwa kompyuta yake ya nyumbani inatumia mfumo gani. Bibi mmoja aliyefuata miwani ya kusomea aliondoka akijua kwamba Linux ni ya bure, haina makuu, na kila mtu ana ruhusa ya kuichokonoa. Miwani akaisahau kaunta.

Sasa, gemu nyingi anazozipenda Pengwini hazikutengenezwa kwa ajili ya Linux. Zimezoea mfumo mwingine, ule wa watu wote. Kwa hiyo katikati huwekwa programu ya kufanya kazi ya mkalimani: gemu inasema kwa lugha yake, mkalimani anageuza, kompyuta inatii. Mkalimani akiamka vizuri, mambo huteleza. Akiamka vibaya, gari linakosa magurudumu, askari anaota kichwa tumboni, au skrini inakuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Mtu mwingine angekasirika. Pengwini hukunja mikono ya shati, hufungua dirisha lake la kuandikia amri, na uso wake hung'aa kama wa bwana harusi.

Ataandika, atafuta, ataandika tena. Atauliza wenzake wa kijiwe cha mtandaoni, watu asiowahi kuwaona lakini anayajua maradhi ya kompyuta zao moja moja. Mwishowe gemu hufunguka. Muziki unalia, picha ya kwanza inatokea. Pengwini anaitazama, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anawaandikia wenzake "imekubali", kisha anaifunga na kutafuta nyingine isiyokubali.

"Mume wangu," mkewe alimweleza kaka yake siku moja, "ni kama mtu anayepika kutwa nzima, akaonja chumvi, akasema imekolea, akamwaga sufuria yote, akabandika nyingine."

Mkewe hushona mapazia. Cherehani yake iko chumba cha pili, na cherehani haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kukata. Pazia ni kitambaa kirefu, nacho hutaka pa kulala. Kwa kuwa meza ilikuwa na mwenyewe, alikuwa akitandaza vitambaa sakafuni na kukata akiwa amepiga magoti, akizunguka kama anayetafuta hereni. Magoti yalimvimba. Sakafu nayo ilikuwa na bonde katikati, na bonde hilo lilimponza: pazia moja la zahanati lilitoka fupi kuliko pacha wake. Mwenye zahanati alilitundika, akarudi nyuma hatua chache, akauliza kama dirisha ndilo limepinda.

Ndipo ikaja kazi ya ukumbi mzima wa mikutano. Madirisha marefu, kitambaa kizito, na mama mwenye ukumbi aliyesema waziwazi kwamba historia ya zahanati ameisikia. Pazia moja likitoka kombo, kazi yote inakwenda kwa mshonaji mwingine.

"Naitaka meza," mke akasema.

"Mke wangu, meza ina kazi."

"Kazi gani? Hiyo gemu yenyewe huichezi."

"Nani kasema siichezi?"

"Mimi. Ninayekaa humu ndani. Sijawahi kukuona ukicheza. Nimekuona ukiitibu."

Pengwini aliumia. Aliumia kwa namna ya mtu aliyeambiwa ukweli. Akajibu kwa kiburi, na kiburi ndicho kilichomfikisha alikofika: akasema gemu zake zinafunguka wakati wowote, mbele ya shahidi yeyote, hata kesho.

"Si kesho. Jumapili," mke akasema, naye alikuwa amejiandaa zamani. "Kaka atakuja. Ile gemu ya mbio za magari, ya watu wawili. Na si kufunguka tu, baba. Mcheze, mpaka mmoja afike mwisho. Mkifika, sitaitaja tena meza hii, nitakata sakafuni na magoti yangu. Msipofika, unahamisha mtambo wako siku hiyohiyo, bila kunung'unika."

"Bila kunung'unika," Pengwini akarudia, akicheka moyoni. Gemu ile ilikuwa imeshakubali. Aliijaribu Ijumaa, ikafunguka. Jumamosi, ikafunguka. Jumapili asubuhi, mkewe akiwa bafuni, aliijaribu tena, na ikafunguka kwa adabu kama mtoto wa wageni.

Mtu mwenye akili timamu hapo angezima kompyuta, akajifunga mikono kwa kamba, akakaa kusubiri wageni. Lakini mpenzi wa Linux ana ugonjwa wake, na ugonjwa huo hauna dawa katika duka lolote. Kwenye kona ya skrini kulitokea ujumbe mdogo: kuna sasisho, toleo jipya la mkalimani. La majaribio. Waliolitengeneza wenyewe walikuwa wameandika kwamba ni la majaribio, kwa herufi nene, kama anayeandika "mbwa mkali" getini. Kilichoboreshwa: vivuli vya matairi.

Pengwini alitazama mlango wa bafu. Maji yalikuwa bado yanamwagika. Akatazama ujumbe. Akajiambia kwamba shemeji atashangaa sana akiona vivuli vya matairi. Shemeji, ambaye hajawahi kutazama hata kivuli chake mwenyewe.

Akabonyeza.

Shemeji alifika baada ya chakula cha mchana. Ni fundi wa friji, mtu mnene wa sauti nene, ambaye huingia ndani huku salamu yake ikiwa imeshafika jikoni.

"Pengwini! Barafu bado ipo au imeyeyuka?"

"Karibu, shemeji. Leo utakula vumbi la gari langu."

"Vumbi nitakula kwa hayo mapazia ya dada. Hebu washa tuone."

Mke alisimama mlangoni, futi la kupimia limemning'inia shingoni, mkasi mkononi. "Mimi nina pindo la kumalizia," akasema. "Nikilimaliza, nakuja kutazama. Nikikuta magari yanakwenda, narudi zangu. Nikikuta hayaendi, nakuja na kitambaa." Akaingia chumba cha pili. Cherehani ikaanza kuunguruma, trrr, trrr.

Pengwini akampa shemeji pedi, akashika yake, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi.

"Inaanza," akasema.

Ikaendelea kuwa nyeusi.

"Magari yako gereji?" shemeji akauliza.

"Subiri."

"Nasubiri. Ila kama ni mashindano ya usiku, washa taa, maana mimi naona uso wangu tu humo. Na naona nimenenepa."

Pengwini akafunga, akafungua. Nyeusi. Akazima kompyuta nzima, akaiwasha. Nyeusi. Akafungua dirisha la amri, na maneno yakaanza kumiminika kwenye skrini mstari juu ya mstari.

"Hayo ndiyo magari?"

"Shemeji, tafadhali."

"Mimi nauliza tu. Maana kama ni hayo, langu ni lipi? Lile la mstari wa chini?"

Kule ndani cherehani ilinyamaza. Pengwini akasimamisha vidole, shingo ikamrudi ndani kama ya kobe. Kisha: trrr. Mke alikuwa anabadilisha uzi tu. Pengwini akapumua.

Shemeji aliweka pedi chini, akavuta kiti karibu. Alikuwa amecheka akachoka, na sasa kitu kingine kilianza kumtekenya, kile ambacho humtekenya fundi yeyote akikuta mashine imegoma na mwenyewe anatapatapa.

"Hebu nieleze. Injini inawaka?"

"Inawaka."

"Feni inazunguka, umeme upo, ila baridi haitoki."

"Eh... ndiyo, ni kama hivyo."

"Na jana ilikuwa inatoa."

"Hata asubuhi."

"Sasa sikiliza. Friji inayofanya kazi asubuhi na kugoma mchana, swali huwa moja. Nani kaigusa?"

Pengwini akajitia kusoma skrini.

"Shemeji. Nani kaigusa?"

"Niligusa kidogo."

"Kidogo gani?"

Sauti ya Pengwini ikashuka hadi chini ya meza. "Vivuli vya matairi."

Shemeji akaanza kucheka upya, safari hii bila sauti, mabega tu, machozi yakimtoka, mkono mmoja ukipiga goti lake na mwingine ukipiga la Pengwini. "Vivuli," alisema alipopata pumzi. "Siku ya mechi! Mtu kavunja gari zima ili kivuli chake kipendeze!"

"Naweza kurudisha toleo la zamani," Pengwini akasema haraka. "Ni kulipakua tu upya."

"Rudisha basi! Unangoja nini, dada anamaliza pindo!"

Na hapo, bila mtu kutangaza, shemeji alihama upande. Aliyekuja kucheka akawa ameinamia skrini, akishangilia mstari wa upakuaji kama farasi wake. Mtandao ulikuwa umechagua siku hiyo kutembea kwa fimbo. Mstari ulisogea, ukasimama, ukasogea.

"Twende, twende, mama," shemeji alinong'ona. "Usisimame hapo, hakuna kituo hapo."

Cherehani ilinyamaza. Safari hii haikurudi.

Mke akaingia, kitambaa kizito cha ukumbi kimekunjwa begani. Akawatazama wanaume wawili wazima waliokodolea macho mstari wa kijani.

"Magari yako wapi?"

"Yanakaribia," wakajibu kwa pamoja, kisha wakatazamana.

"Kaka, hata wewe?"

"Dada, imebaki kidogo sana, naapa. Mpe nafasi."

"Tangu uchumba ananiambia imebaki kidogo." Hakupandisha sauti. Alisimama tu, kitambaa kikimlemea bega, akiuhamisha uzito wake kutoka goti moja kwenda jingine.

Pengwini aliliona goti hilo. Alikuwa amelisikia mara nyingi likitajwa, lakini kuliona likitafuta pa kupumzikia ni jambo jingine. Mstari ulikuwa umebakiza ukucha. Akautazama, akamtazama mkewe, kisha akasimama na kuanza kuchomoa nyaya, bila kung'oa ule wa umeme na ule wa mtandao. Akainyanyua kompyuta kama anayebeba kichanga kilicholala.

Hakunung'unika. Ila alihema kwa sauti ambayo ukiisikiliza vizuri ina manung'uniko yote ndani yake.

Pa kuiweka hapakuwapo, isipokuwa ubao wa kupigia pasi uliokuwa wazi pembeni. Akaitua hapo. Skrini ilisimama upande mmoja, kibodi upande mwingine, akarudisha nyaya, ubao ukayumba kidogo, ukakubali. Mke akapangusa meza, akaondoa kikombe kwa ncha za vidole, akatandaza kitambaa. Kililala mezani sawasawa, bila bonde wala kilima. Akakipapasa kwa kiganja, na uso wake ukawa, kwa kweli, kama ule wa Pengwini gemu ikikubali.

Nyuma yake mstari ulifika mwisho, Pengwini akabonyeza, na muziki ukalia.

"Imekubali!" Pengwini akapiga kelele. Magari mawili yalikuwa yamesimama kwenye mstari wa kuanzia, moja jekundu na jingine la buluu, chini yake hakuna hata tone la kivuli. Shemeji alimkumbatia Pengwini, wakarukaruka, ubao ukayumba nao. Kisha Pengwini akainama, akabonyeza, na gemu ikafungwa.

"Sasa mbona umefunga?"

"Si imekubali?"

"Tucheze basi!"

Pengwini alimtazama kama mtu aliyeombwa ale sahani baada ya chakula. Shemeji naye akatazama skrini tupu, akakuna kidevu, na taratibu akavuta kiti hadi kwenye ubao wa pasi.

"Haya, hebu irudishe kule ilikoharibika," akasema kwa sauti ya chini. "Nataka nione ulivyoirekebisha."

"Eeh, huyo naye keshapotea," mke akasema bila kugeuka. "Kaka, ubao huo nauhitaji nikimaliza kukata. Na wewe, mume wangu, njoo hapa. Kitambaa ni kizito, mkono mmoja hautoshi."

Pengwini akaenda, miguu nje nje kama kawaida yake. Akashika ncha ya kitambaa kwa vidole vile vya kushikia lenzi, akaivuta polepole hadi mkunjo wa mwisho ukanyooka. Mke akapima kwa futi, akapima tena, akafungua mkasi.

"Hapo hapo," akamwambia. "Shika hivyo hivyo. Na usisasishe kitu."