Yaeko na Hatua Aliyoisahau Baba Yake

Vigae vya paa la ukumbi wa karate wa ukoo wa Tamanaha nilivipanga mimi, na vimbunga vyote vilivyopita hapa mjini Naha vimevisalimu tu vikaenda zao. Nasema hili mapema mjue mnasimuliwa na nani. Mimi ni mjomba wake Yaeko, ndugu wa marehemu mama yake. Wapo wasomi walioandika habari za nyumba ile, lakini wao walisoma, mimi nilikuwepo.

Mtindo wao aliuleta babu yake shemeji yangu Seiko, baba yake Yaeko. Alikwenda Uchina kununua chai, akakaa miaka, akarudi na chai kidogo na ngumi nyingi. Akamfundisha mwanawe, naye akamfundisha Seiko kabla vita havijammeza. Seiko akawafundisha askari wa Kimarekani, akawafundisha na jamaa zetu waliohamia Brazili, na leo hata Ujerumani kuna watu wanapiga teke la Tamanaha, tena vibaya.

Ila kata kuu ya ukoo, ule mfululizo wa hatua na mapigo ambao haukuandikwa popote, ilikaa mwilini mwa Yaeko. Mchana aliuza tambi za soba sokoni, jioni alikuwa ukumbini. Mfupi, mnene wa mapaja kama mtungi wa pombe ya awamori. Nilimwambia hivyo mwenyewe, akanichapa na mwiko. Posa zilikuja, moja nimeileta mimi, na mwanamume alikuwa na lori lake. Akazikataa zote. Alitaka kitu kimoja tu: baba yake aseme mbele ya watu kwamba mtindo anauachia yeye. Kaka hakuwa naye. Mzee akawa anamwambia "ngoja", mpaka binti akaota mvi.

Hatimaye mzee akakubali. Angetangaza siku ya mazoezi ya kwanza ya mwaka mpya, wanafunzi wa ng'ambo wakiwepo.

Tatizo, kichwa cha mzee kilikuwa kimeanza kuvuja. Alifika sokoni amevaa kandambili za chooni. Kisha siku moja, akiongoza kata mbele ya wageni, baada ya pigo la kiwiko akageuka kushoto. Ukoo mzima hugeuka kulia tangu enzi za babu. Kila mtu aliona, na kila mtu akageuka kushoto. Kwetu mwanafunzi hamsahihishi mwalimu. Mwalimu akikohoa katikati ya kata, hadi Brazili watakohoa.

Mjerumani mmoja akanivuta pembeni. "Mjomba, hii ndiyo njia ya siri?"

"Siri kubwa," nikamwambia. "Hata mwenyewe haijui."

Akanishukuru sana, maskini.

Nikamfuata Yaeko kibandani kwake. "Mwambie baba yako."

"Nimwambie nini, mjomba? Kwamba anasahau? Anajua. Jana nimemkuta bafuni anajaribu kugeuka, huku, kule, kama mtu aliyepotelewa na mlango. Analia."

Nikaaga, nikaondoka.

Mwaka mpya ukaingia, ukumbi ukajaa. Asubuhi ile mzee aliamka na akili zake zote, akaniita kwa jina, akanitania kwa kitambi changu. Akaketi mbele kuwatazama. Kata ikaanza. Baada ya kiwiko, wote wakageuka kushoto. Na Yaeko akageuka nao, asije akamwaibisha baba yake.

"Simameni," mzee akasema. "Nani kawafundisha uchafu huu?"

Mjerumani akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Yaeko akapiga magoti. "Ni mimi, baba."

"Wewe?"

"Ulipokuwa unaumwa nilifundisha mimi. Nilikosea."

"Baba yangu kafa na kata hii mwilini. Wewe unaibadilisha kama mchuzi wa soba?"

"Nisamehe, baba."

"Vua mkanda. Usikanyage tena humu ndani."

Nilitaka kusema. Yaeko akanitazama, akatikisa kichwa. Akauvua mkanda, akaukunja, akauweka mbele ya baba yake, akainama mpaka paji likagusa sakafu, akatoka.

Kufika jioni, mzee hakumtambua tena. Lakini hasira haikusahaulika. Yaeko akimlisha uji, mzee anamuuliza, "Yule aliyeharibu kata ameondoka?"

"Ameondoka, baba. Kula."

Ilikuwa hivyo kila siku, mpaka msimu wa mvua tukamzika.

Uongozi ulikwenda kwa binamu wa Brazili. Waliojua ukweli ni wengi, ila kuusema ni kusema mwalimu alikosea, na hakuna aliyethubutu. Nikaenda sokoni.

"Mzee kafa, Yaeko. Rudi ukumbini."

"Alisema nisikanyage."

"Alikuwa mgonjwa."

"Siku ile hakuwa mgonjwa, mjomba. Mwaka mzima ule, ndiyo siku pekee niliyompata baba yangu."

Akanisogezea bakuli, akaenda kumhudumia mteja mwingine. Nikala tambi zangu.