Nailoni ya Marehemu

Wachimba kaburi, pembeni mwa shamba la nyanya la marehemu, ndio walioiona kwanza. Kila jembe liliposhuka, liliibuka na vipande vyeusi vya nailoni, vingine vipana kama kiganja, vingine vidogo kama ukucha wa mtoto. Walitazamana, wakaendelea kuchimba. Mjane, ambaye watu walimwita Mama Nyanya, alijua vilikotoka.

Mumewe alikuwa wa kwanza pale kijijini kufunika matuta kwa nailoni. Magugu yalikoma, maji hayakupotea, nyanya zikazaa hadi majirani wakasema ana dawa. Mavuno yakiisha, aliita trekta iisage nailoni humo humo udongoni.

"Itaoza tu, mke wangu," alisema akicheka. "Udongo haushindwi na kitu."

Baada ya msiba, Mama Nyanya hakulima tena kwa amani. Upepo ukipita, vipande vilivyochomoza vilichakarika, naye akageuka upesi kama mtu aliyeitwa. Aliviokota ndoo kwa ndoo. Mvua ikinyesha vilijitokeza vingine, vidogo zaidi, mpaka zikabaki chembe zisizoshikika kwa vidole.

"Baba watoto, umeniachia nini?" aliuliza.

Kisha ikaja sheria: nailoni nyembamba marufuku, na muuza pembejeo lazima apokee iliyokwisha kutumika. Bwana shamba alipita nyumba kwa nyumba akieleza. Mama Nyanya aliposema hatafunika tena, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja juu.

"Shemeji, hii ndiyo kazi aliyotuachia kaka. Unataka kumzika mara ya pili?"

"Kaka yako simlaumu, hakujua," Mama Nyanya alijibu. "Mimi najua. Nikifunika tena, lawama ni yangu."

"Na magugu je?"

"Mikono ninayo. Majani makavu yamejaa tele."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Msimu huo Mama Nyanya alifungua kipande kipya cha ardhi ng'ambo ya mfereji, akatandaza majani, akapalilia huku mgongo ukimwaka moto. Nyanya zilitoka chache, lakini zilitoka. Shemeji alipokosa nailoni dukani, alikuja akasimama ukingoni, kisha akainama na kuanza kubeba majani.

"Na lile shamba la zamani litasafika lini?" Mama Nyanya alimuuliza bwana shamba.

"Vipande vikubwa tutaviokota, mama. Zile chembe..." Akakung'uta udongo viganjani.

Jioni binti wa Mama Nyanya aliosha nyanya za kipande kipya. "Mama, hizi hazina zile chembe?"

Mama Nyanya aliikata moja, akaichungulia kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu.

"Kula, mwanangu," alisema. Yake aliiacha kwenye sahani.