Wati Kumi kwa Spika za Wati Hamsini

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimesukuma gari la hamali kutoka bandarini mpaka Darajani tangu sijaota ndevu, darasa la tatu sikulimaliza, na nilipofika miaka thelathini nilikuwa na magari manne na watu wa kuyasukuma. Utanambia nini kipya?

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nikanunua spika mbili za mbao, zinanifika kiunoni, kwa familia iliyokuwa ikihama. Mjini hazikuwapo za kuzishinda, na kama zilikuwapo mimi sikuziona. Nikazipeleka, pamoja na kiamplifaya changu cha kukuza sauti, kwa fundi wa redio, mtu mpole, husema kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Akazigeuza, akasoma maandishi ya nyuma.

"Ukinzani wake wa umeme omu nane, na amplifaya yako omu nane, zinapatana. Hapo umebahatika. Lakini hizi zinabeba wati hamsini, na kiamplifaya chako kinatoa kumi. Tafuta kikubwa."

Nikacheka. "Fundi, magari nayajua mimi. Ukifunga punda mdogo kwenye gari kubwa, nani ataumia? Gari au punda?"

"Punda."

"Basi! Spika zangu salama."

"Haya, bwana," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Sasa, mama mkwe wangu wa Kikwajuni alininyima bintiye miaka miwili mizima, ati mwanawe haolewi na hamali. Tulioana, tukazaa, na bado hakupata kuniomba hata kiberiti. Aliposikia habari za spika, akamtuma mke wangu kwangu: hina ya bintiye wa mwisho ni Alhamisi, harusi Ijumaa, anataka muziki wangu siku zote mbili. Keshautangazia mtaa mzima kwamba "mkwe wangu ana spika." Hilo neno "mkwe wangu" lilinipa raha kuliko siku niliyofungishwa ndoa.

Alhamisi baada ya alasiri spika nikaziweka uani kwa wanawake, mimi nikakaa ukumbini na amplifaya na santuri zangu, pazia katikati. Wanawake wakishajaa uani, nani atasikia kitu?

"Ongeza!"

Nikaongeza.

"Ongeza, we!"

Nikakizungusha kitufe mpaka kikagota. Sauti ikaanza kuchanika, kama samaki aliyetiwa kwenye mafuta ya moto. Nikajisemea, nguvu ndiyo hiyo. Mara fidla zikapotea, mwimbaji naye akafuata, ikabaki du, du, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili.

Mama mkwe akaja nyuma ya pazia. "Mkwe, mwimbaji wako kafunikwa blanketi?"

Uani wakacheka. Mmoja akapaza sauti: "Hamali kampakia gunia!" Hapo wakacheka mpaka wakapiga makofi.

"Nyamazeni!" akawakemea. "Kesho mkwe wangu ataleta muziki." Kisha akashusha sauti, kwangu peke yangu: "Utaleta, baba?"

"Nitaleta, mama."

Nikaenda kwa fundi nimebeba spika kichwani, moja moja. Akazifungua. Spika ndogo za juu, zile za sauti nyembamba, zote mbili zimeungua.

"Amplifaya si punda," akanambia. "Punda akichoka husimama. Hii ukiikamua kupita uwezo wake haisimami, inatoa sauti iliyokatika, na hiyo ndiyo inayounguza hizi ndogo. Ungekuwa na kubwa, ukaifungua robo tu, sauti ingetoka safi na spika zingekuwa nzima."

Alikuwa nayo moja ya wati sitini, ameletewa kutoka Mombasa, ya nyumbani kwake. Na mimi, ninayebishana bei ya fungu la mchicha mpaka muuzaji achoke, sikupunguziwa hata senti, kwa sababu sikuomba.

Ijumaa kitufe hakikuvuka robo. Kila herufi ya mwimbaji ilisikika mpaka njiani, na nyuma ya pazia nikamsikia mama mkwe akiwajibu wageni: "Naam, mkwe wangu huyo."

Mke wangu aliuliza imenigharimu kiasi gani, nikamwambia si kitu. Amplifaya mia sita na arobaini, spika ndogo mbili sabini na sita, mkono wa fundi kumi na mbili: shilingi mia saba na ishirini na nane.