Kumhesabu Mama Mkwe

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Nina kibanda katika mtaa uitwao Picha ya Ndege, na shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyoyajua baadaye nimeyasoma mwenyewe, hasa katika vitabu na magazeti ya zamani ninayonunua kwa wauza vitumbua kabla hayajafungiwa vitumbua. Katika chama chetu, ambacho ni kidogo na sitakitaja, hilo lilitosha kunifanya msomi. Ndiyo maana mkoa ulipotakiwa kupendekeza jina moja la mgombea urais, kanuni za kupiga kura niliandika mimi.

Majina yaliyokuja yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la mzee mmoja mwanzilishi wa chama, aliyegombea mara nyingi kiasi kwamba kwenye picha yake ya kampeni bado alikuwa na nywele. La pili lilikuwa la mkunga mstaafu, mwanamke mwenye mawazo mapya, na huyo nilimshawishi mimi. Nilikuwa nimeandaa jedwali la maswali saba ya kumpima mgombea wa kimaendeleo: je, anataka shamba la mjane liandikwe jina la mjane? Je, ameshawahi kubadili msimamo baada ya kuonyeshwa kosa lake? Je, anajua tarehe ya kuondoka madarakani kabla ya kuingia? Mkunga alipata saba. Mzee alipata mbili, na moja kati ya hizo nilimpa kwa sababu ya umri.

Mkunga alilisoma jedwali lile, akalirudisha. "Fundi," aliniambia, "mimi nilishapumzika. Ukinitoa nyumbani kwangu, unifikishe." Nikamwahidi. Alijua, nami nilijua, kwamba akikosa mkoa wetu jina lake halifiki mkutano mkuu wa taifa.

Mke wangu naye nilimwonyesha jedwali, nyumbani kwetu Sofu, akiwa anachambua mchele.

"Hakuna swali la msiba," alisema.

"Msiba unahusiana nini na urais?"

"Haya. Utaona."

Kura za karatasi tuliziacha, maana katika uchaguzi wa ndani uliotangulia karatasi zilizidi wajumbe. Nikaandika kwamba wajumbe watapanga mistari miwili katika uwanja ulio mashariki ya ukumbi, kila mstari nyuma ya kiti chenye picha ya mgombea. Wagombea wenyewe watabaki ndani. Nilikwenda siku moja kabla, nikachora mistari kwa chokaa, na nikahakikisha kwamba saa nne asubuhi mistari yote miwili itakuwa juani kwa usawa. Nani akae mstari wa ukutani, ubavuni mwa ukumbi, na nani wa uzioni, tuliamua kwa kura ya vikaratasi. Mkunga akapata wa ukutani. Kanuni ya sita ilisema atakayehesabu atamgusa kila mjumbe begani huku akitaja namba kwa sauti, ili asimrudie mtu wala asimruke. Nilijivunia sana kanuni ya sita.

Gari la wajumbe wa Kisarawe lilipasuka tairi. Saa nne tulikunywa chai. Saa sita tuliinywa tena. Walifika saa saba kasoro, wakiwa na vumbi na maneno.

"Mkwe wetu," mmoja wao aliniita kutoka dirishani, "umetuandalia jua tu, au na wali upo?"

Wananiita mkwe kwa sababu nimeoa kwao. Mimi ni mtu wa kuja, kwetu ni bara, na nilipoposa Kisarawe wajomba wa mke wangu walinikalisha chini wakanifundisha: mama mkwe hashikwi mkono, hasogelewi, na mkikutana katika njia nyembamba wewe ndiye unayeshuka kwenye majani. Nilifundishika. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, mpaka siku ile, sikuwa nimewahi kumfikia karibu zaidi ya hatua nne.

Na ndiye aliyeshuka wa mwisho kwenye gari, akiwa na mwavuli mweusi. Nilirudi nyuma mpaka ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," aliuambia mlango wa gari.

Wajumbe walipanga mistari. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja uzioni, kwa mzee, akafungua mwavuli. Hapo nikakumbuka: baba mkwe alipofariki, yule mzee alikaa msibani siku tatu, akalala kwenye mkeka kama wengine. Mkunga hakuwepo, kwa kuwa hakuwa akitufahamu bado. Kweli jedwali langu halikuwa na swali hilo.

Nikaanza kuhesabu, mashahidi wawili wakinifuata, mmoja wa kila upande. Mstari wa ukutani, pamoja na mimi mwenyewe niliyejigusa bega, ulifika thelathini na mbili. Nikahamia uzioni. Nilikwenda vizuri, bega kwa bega, mpaka nilipofika kwenye mwavuli. Mkono wangu ulipanda, ukapita juu yake, ukashuka kwenye bega la mjumbe aliyefuata. Sikuamua jambo hilo. Mguu humkwepa nyoka kabla kichwa hakijamwona, na mkono wangu ulikuwa umefundishwa na wajomba. Mstari uliishia thelathini na moja.

Tulikuwa tumejiandikisha sitini na wanne. Tofauti ya mtu mmoja niliiona mara moja, na kwa kuwa mimi ni mtu makini, niliitolea maelezo. Nilitangaza kwamba mkunga ameshinda kwa kura moja, na kwamba mjumbe mmoja hakupiga kura, bila shaka kwa kuwa alikwenda chooni.

Watu wa ukutani walipiga makofi. Uzioni, mwavuli uligeuka taratibu mpaka ukanipa mgongo, na nikaona chini yake mkono ulioshika simu. Punde simu yangu ikaita. Alikuwa mke wangu, kutoka Sofu.

"Mama anasema hakwenda chooni."

"Nani kasema alikwenda?"

"Wewe. Amekusikia. Anasema ametoka Kisarawe alfajiri kuja kupiga kura, na wewe umemruka kama dimbwi."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa hatua nane kutoka kwangu, akitazama uzio.

"Mwambie nitarekebisha," nilisema.

"Subiri." Nikamsikia akimweleza mama yake kwa simu yake nyingine. Uzioni, mwavuli ukatikisika. "Anasema haya."

Mkunga alikuwa ndani, na makofi yalikuwa yameshamfikia. Niliutazama mlango wa ukumbi. Kisha nikawaita mashahidi nikawaambia kura ni thelathini na mbili kwa thelathini na mbili. Shahidi wa upande wa mzee, mtu wa Kisarawe, hakushangaa.

"Niliona ulivyopita," alisema. "Nilidhani umemhesabu kwa heshima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme umguse mkweo mbele za watu? Mimi nimelelewa, bwana."

Watu wa ukutani walinilaumu kwa kusema, wa uzioni kwa kuchelewa kusema, na mjadala ukaendelea hadi saa tisa. Wali ulifika ukaliwa katikati yake. Mwishowe tukakubaliana kupanga mistari upya, na mimi nihesabu tena, kwa kuwa, mmoja alisema, huyu kosa lake sasa tunalijua.

Tulipotoka nje, kivuli cha ukumbi kilikuwa kimeufunika mstari wa mkunga wote. Wa mzee ulikuwa juani kama asubuhi.

"Kivuli kinampigia kampeni," alilalamika mjumbe mmoja wa uzioni. "Mistari ihamishwe."

Nilimsomea kanuni ya nne: mistari haihamishwi. Niliiandika nikimfikiria mtu kama yeye.

Kila mmoja alirudi alikokuwa, tena kwa ukaidi, wa uzioni wakijifunika kofia na bahasha. Mama mkwe alisimama katikati ya uwanja. Aliitazama picha ya mzee. Aliutazama ukuta. Kisha akafunga mwavuli, akaja akasimama wa mwisho kwenye mstari wetu.

Nilihesabu mpaka thelathini na mbili, nikamfikia. Hatua nne zangu za miaka yote zilikuwa zimebaki moja. Shahidi aliangalia pembeni. Mama mkwe, naye akitazama kwingine, alininyooshea ncha ya mwavuli. Nikaigusa kwa kidole.

"Thelathini na tatu," nilisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko kanuni inavyotaka.

Uzioni walikuwa thelathini na mmoja. Nilikwenda ndani kumwambia mkunga kwamba nimemfikisha, angalau hadi hapo. Aliniuliza ni hoja yetu ipi iliyombadilisha yule mmoja, aitumie kwenye mkutano mkuu. Nilimwambia nitafanya utafiti.

Mkwe haulizwi. Nilimtuma mke wangu, naye akanijibu usiku huohuo.

"Anasema kule kulikuwa na kivuli."

"Basi?"

"Na kwamba uache kuwasimamisha wazee wa watu juani. Basi."

Nimeliongeza jedwali likawa na maswali tisa. La msiba ni la nane. La tisa ni la kivuli, na bado sijapata namna ya kuliandika.