Mtani na Ndoo ya Maji

Juzi binti yangu alikuwa anacheza gemu mtandaoni, timu yao ikashindwa, na mchezaji mwenzake akaanza kumtukana kwenye simu. Nikakumbuka msiba wa bibi yangu kule Newala, mchana ulionuka mabibo ya mikorosho. Mwanamume mmoja aliingia akimwita marehemu mvivu, eti amelala huku wageni wana kiu. Nilidhani wajomba watampiga. Mama akacheka, machozi yakimtoka. Nilikuwa mdogo, sikujua kwamba yule ni mtani wetu, mwenye ruhusa ya kututania hata msibani na wajibu wa kutusaidia kazi, na ndoo ya maji aliyoipandisha kutoka bondeni sikuitilia maanani.

“Huyo anayekutukana,” nilimuuliza binti yangu, “tukifiwa atakuja kutuchotea maji?”

“Mama, hata jina lake silijui.”

Akafikiri kidogo, kisha akamfungia asimfikie tena kwenye gemu.