Jino la yaya Kakule na dawa niliyotaka kuikataa

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Mwenye swali aulize, hata mimi ugonjwa wangu ni kuuliza.

Yaya Kakule, kaka yangu mkubwa, ananunua kakao Oicha na anaishi Beni.

Aling'olewa jino. Damu ikagoma kukatika, mpaka kesho yake.

Mama akamfungia chumbani. Mnaelewa: huku kwetu, tangu Ebola, mtu akitoka damu mdomoni majirani hawaulizi habari ya jino.

Nilipofika nikakuta midomo yake imepauka. Tukamleta hospitali Butembo.

Wakampima Ebola kwanza. Hakuna.

Kisha docteur akamuuliza mama kama ana ndugu wa kiume aliyewahi kutoka damu sana. Mama akamsogelea, akashusha sauti. Halafu akamtaja mdogo wake, aliyekufa baada ya tohara. Ukoo mzima ulisema amerogwa.

Kumbe ni hémophilie. Mwili hautengenezi vya kutosha protini ya kugandisha damu, na mara nyingi mtoto huirithi kwa mama ambaye mwenyewe haugui. Docteur alikuwa na chupa ndogo za protini hiyo, msaada ulioshuka na ndege uwanjani Rughenda. Bure.

Bure? Hapo nikaamka. Nani katoa? Kwa nini sisi? Ni damu ya nani?

Docteur hakukasirika. "Hii hapana damu ya mutu, banaitengeneza mu usine, mu kiwanda. Uliza yote, lakini wacha nitumike kazi yangu."

Yaya akatema damu kwenye beseni, akanitazama.

"Mudogo, maswali yako inatoka mingi kuliko damu yangu."

Nikasogea pembeni. Dawa ikaingia mshipani polepole. Nililikodolea macho lile beseni nikisubiri kuukamata uongo.

Jioni beseni lilikuwa kavu.

Msidhani amepona. Protini hiyo inaisha mwilini, inabidi kurudia, na siku msaada ukikatika sijui itakuwaje. Hilo bado nawauliza.

Lakini juzi jino lingine lilianza kumuuma. Safari hii alipewa dawa kwanza, jino baadaye. Mama alikaa nje na wagonjwa wengine, akiwasimulia habari za mdogo wake bila kunong'ona.

Nimejifunza kuuliza na kusubiri jibu.

Wakuu, kama kwenu kuna mjomba aliyekufa kwa tohara mkasema karogwa, andikeni hapa chini. Huenda kuna mtoto wa kupimwa.